Nilivyomkimbia Bwana Afya

Mwaka ule sukari na sabuni zilipoadimika, kuku wangu watatu wa mayai ndio walionisitiri hapa Bagara. Halmashauri ikakataza kuku wa kuzurura mjini. Mara nikasikia bwana afya ananiulizia. Mimi na akili zangu, nikawachinja wote.

Jioni akabisha hodi.

“Shikamoo, Mama Neema.”

“Marahaba. Mimi sifugi kuku!” nikaropoka.

Akashangaa. “Hata mimi nafuga, mama. Ukiwa na banda hakuna kosa. Nimekuja kuomba mayai ya kuatamisha, wafugaji wenzetu wanasema kuku wako wana mbegu nzuri.”

Nikakosa pa kutazama. Harufu ya mchuzi ilikuwa imejaa sebuleni. Akageukia jikoni, kisha akaniuliza kwa upole, “Wote?”