Mnara wa Burnoi na Safari ya Miungu

Pingla alizaliwa kijiji cha Burnoi, kule juu ambako theluji hushuka mlimani bila kubisha hodi, akasoma mpaka serikali ikampa kazi ya kuchambua mtandao wa simu mjini, chini bondeni. Kazi yenyewe watu wa kwao hawakuielewa. Walimwuliza: minara hupandi, nyaya huungi, simu huuzi, unalipwa kwa lipi? Naye akajibu, "Nalipwa kwa kutazama." Mama yake, Khimdasi, akadakia palepale, "Basi hata paka wangu anastahili pensheni."

Lakini kutazama ni kazi, asikudanganye mtu. Kila simu iliyowashwa huubishia mnara hodi, na mnara huiitikia, hata mwenyewe akiwa amelala fofofo. Hodi hizo Pingla aliziona kwenye kompyuta, mistari inapanda, mistari inashuka. Majina hakuyaona, kanuni hairuhusu. Aliona wingi tu. Kwa wingi huo alijua wapi kuna harusi, wapi kuna mechi ya kriketi, na wapi umeme umekatika.

Sasa, Burnoi wana jambo lao. Katikati ya baridi miungu wao hupanda mbinguni kwenye baraza lao, na mpaka warudi, kelele hakuna. Kengele ya hekalu hufungwa kitambaa, redio huzimwa, jembe haligusi ardhi, na simu haiongewi. Ukiwabughudhi watarudi na hasira, na hasira yao si ya kusimuliwa. Vijana huziacha simu zimewashwa bila mlio. Khimdasi yeye huizima yake kabisa, akaiviringisha kwenye shali la sufu na kuitia sandukuni. Kila mwaka Pingla alimsihi, "Mama, iache imewashwa tu." Kila mwaka jibu lilikuwa lilelile: "Miungu hawana mkataba na ofisi yako."

Mwaka ule theluji ilianguka kama iliyotumwa. Asubuhi moja wafanyakazi wa barabara wakaleta habari kwamba mlima wa nyuma ya Burnoi umeporomosha theluji na njia imefunikwa. Na nyumba ya Khimdasi ndiyo ya mwisho juu, imeuegemea mlima huohuo.

Bwana Mathur, bosi mpya kutoka nchi tambarare, akautazama mstari wa maongezi wa Burnoi. Ulikuwa umelala chini kama kamba iliyoanguka.

"Mnara huu umekufa," akasema. "Uzime, uuwashe upya."

"Haujafa, bosi. Watu wa kwetu hawaongei msimu huu."

"Kijiji kizima?"

"Kizima. Miungu wamesafiri."

Tek Ram, fundi, akacheka chini kwa chini. "Kweli, bosi. Mke wangu ni wa hukohuko. Ndio msimu pekee ninaopumzika."

Bosi hakucheka. "Mlima umeanguka, Pingla. Mtu aliye hai angepiga simu."

Neno hilo likamwingia kama mwiba, maana ndilo alilokuwa analikimbia tangu asubuhi. Hata hivyo hakutetereka. "Usitazame maongezi, tazama hodi," akasema. "Mnara una nyuso, kila uso na upande wake. Jana hodi zilikuwa pande zote. Leo zote ziko upande wa hekalu. Simu haina miguu, bosi. Watu wamehama, wamezibeba."

"Basi kuwasha upya kunadhuru nini?"

"Betri zake ni kuukuu. Kwa baridi hii ukiuzima hauwaki tena mpaka Tek Ram aupande, na njia haipo."

Bosi akakuna kidevu. "Makao makuu wanataka ushahidi kwamba unafanya kazi. Nakupa mpaka jioni. Isipopita hata simu moja, nauzima."

Pingla akarudi kitini. Wenzake walidhani anautetea mnara. Yeye alikuwa anahesabu jingine: hodi zile ni za majirani. Simu ya mama imo sandukuni, imezimwa, na mtu aliyezima simu haonekani, awe hai, awe chini ya theluji. Mnara ukizimwa, hata huyo mkaidi akibadili nia, atamwita nani? Tek Ram akamletea siddu, mkate wa mvuke wenye kokwa za jozi ndani na samli juu. Akamega tonge, likamkwama.

Jua lilikuwa limeshaanza kugusa kilele pale simu yake ilipowaka mezani. *Mama.* Ikalia mara moja, ikakatika.

Pingla akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, mabega yakimtikisika.

"Mpigie, basi!" bosi akahimiza.

"Hatapokea."

"Sasa hiyo ni simu au si simu?"

"Amembipu, bosi," Tek Ram akasema. "Kwa wanawake wa Burnoi, hiyo ni hotuba."

Bosi akainamia kompyuta. Kwenye ule mstari uliolala palikuwa na kijipele kimoja. Akakitazama, akamtazama Pingla, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Uacheni mnara wa watu," akasema.

Miungu waliporudi na njia ilipofunguliwa, Pingla alipanda kwao. Zizi lilikuwa limebomoka, nyumba imesimama. Khimdasi alikuwa jikoni, mzima kama jiwe.

"Mama, ulivunja mwiko."

"Nani? Nilisema neno gani? Mlima uliponguruma nilimtoa ng'ombe na sanduku, nikaenda hekaluni. Nikawaza, huyu mtoto wa kutazama akikosa cha kutazama, atapanda huku kwa miguu afe njiani. Nikabonyeza, nikakata. Kubipu si kusema."

"Na miungu je?"

"Udongo tuliotandaza hekaluni kabla hawajaondoka umefunuliwa mbele ya watu wote, na chini yake limetoka ua. Wangekasirika ungetoka mkaa, ishara ya moto. Kula."

"Kwa hiyo mwakani utaiacha imewashwa?"

"Mwakani naizima."

Pingla akacheka mpaka machozi, akamega siddu. Safari hii tonge lilishuka bila kusukumwa.