Kibao cha Darajani

Jina langu halisi watu walishalisahau, wananiita Mbano. Ni fundi wa vibao. Mwenye duka akiwa na ubao mwembamba na jina refu kama treni, anakuja kwangu, maana herufi zangu ni ndefu, nene, zimesimama bega kwa bega, hupitishi hata kucha katikati. Saluni, bucha, mabango ya mpira: ukiona maandishi yanakupigia kelele barabarani, ujue ni mimi. Nilikuwa na maringo, sikatai.

Msimamizi wa barabara akaniletea kazi: DARAJA LIMEVUNJIKA MBELE, SHUKA KUSHOTO. Ubao wenyewe haukuzidi upana wa mto wa kulalia. Fundi mwenye akili angemwambia apunguze maneno. Nani, Mbano ashindwe? Nikayabana yote, nikayanenepesha mpaka matundu ya A na O yakabaki kama ya sindano. Pale karakanani, ukikitazama kwa hatua tatu, kilipendeza jamani! Sikurudi nyuma kukitazama kwa mbali. Kila fundi hurudi nyuma. Mimi sikurudi.

Jumatano asubuhi shemeji yangu, mume wa dada, aliteremka kilima cha kuelekea darajani, kibao kilikosimikwa, na baiskeli yake ya mikate. Akapitiliza moja kwa moja mpaka korongoni. Nyonga ikavunjika.

Nilipotoka kumwona hospitali nikaenda kusimama kule juu alikopitia. Mungu wangu! Hapakuwa na neno pale, palikuwa na doa jeusi. Na badala ya kusema ukweli, nikaking'oa kile kibao. Nikamdanganya msimamizi kwamba rangi imeharibika, nikachora kingine: DARAJA BOVU. Herufi pana, zenye nafasi.

Miezi mitatu sasa nakula kwa dada, na miezi mitatu namsikia akimshukia mumewe. "Mbio za nini? Kibao kilikuwepo! Macho ulimwazima nani?"

"Nisamehe mke wangu, uzembe wangu," anajibu shemeji.

Mimi nainamia sahani. Naona haya hata kuomba maji.

Jana dada alipokwenda sokoni, nikashindwa kuvumilia. "Shemeji, kosa ni langu. Kile kibao kilikuwa hakisomeki."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilikiona tangu kileleni. Nikasema, aa, hii kazi ya shemeji yangu hii! Nikakikazia macho nikisome. Nilikuwa bado nasoma, barabara ikaisha."

Machozi yakanitoka. "Sasa kwa nini unakubali kusemwa kila siku?"

Akajigeuza taratibu, ameshika nyonga. "Mimi akininunia, usiku tunalala kitanda kimoja. Wewe je? Wewe angekufungia mlango."

Dada akaingia na kapu lake, akamkuta mumewe anatabasamu. "Na wewe unacheka nini, bingwa wa mbio?"

Shemeji alikuwa ananitikisia kichwa, nisiseme.

"Dada," nikasema, "weka kapu chini, ukae."