Ringi ya Dama Si ya Kufungia Turubai

"Tangu Adamu afe, tangu mtu wa kwanza afukiwe kwenye mchanga huu, hajasikika binadamu aliyemnyima maiti kivuli," alikuwa akisema Mzee Ngala, na wazee wenziwe pale mkekani wakitingisha vichwa, hata wale waliochelewa wasijue maneno yalianzia wapi. "Hata nyoka humpisha mwenziwe shimoni. Lakini huyu mtoto wa ndugu yangu, huyu mnayemwona, amemwambia shangazi yake aliyekufa akae juani."

Dama Kitsao alikuwa amesimama mbele yao, mpira kaubana kwapani. Na kusimama kwa Dama si kama kusimama kwangu na kwako. Ni mwanamke wa futi sita na ushei; ukitaka kumgombeza sharti uinue kidevu, na mzee akiinua kidevu muda mrefu shingo humuuma, hasira ikaanza kumtoka. Ndiyo maana Mzee Ngala alimwambia mara tatu, "Kaa kitako, mwanangu, tuzungumze." Dama akajibu, "Ahsante baba mdogo, nimeshakaa leo." Akabaki wima.

Tuseme haki, marehemu hakunyimwa kitu. Shangazi Pascalia alikuwa bado chumba cha maiti, kwenye baridi yake, akingoja kuzikwa Jumamosi. Waliotaka kivuli ni waliokuja kumlilia. Na kivuli chenyewe walikitaka mahali pamoja tu: kiwanja cha basketboli cha Dama, pale nyuma ya nyumba za ukoo. Kina sakafu ya saruji, mvua ikinyesha hapana tope. Tena kina milingoti miwili ya chuma. Mtaa ule wa Bofu, mtu akifa, turubai la matanga hufungwa pale. Kamba moja ringi hii, kamba nyingine ringi ile, hapana kuchimba, hapana kutoa jasho, na kahawa haijachemka watu washakaa wanacheza bao. Ilikuwa imeshakuwa mila. Na sisi watu wa pwani, jambo likitupunguzia kazi mara mbili, mara ya tatu tunaliita mila.

Sasa Dama alikuwa amekataa. Kwa nini, hapo lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Baba yake, Kitsao, alikuwa kibarua bandarini. Dama alizaliwa mrefu akaendelea na tabia hiyo hiyo. Shule ya msingi walimu walimtia kwenye netiboli, maana mwalimu akiona msichana mrefu haoni jengine. Alipofika sekondari akamkuta mwalimu mmoja wa bara, Justus, aliyekuja na mpira wa basketboli kwenye mfuko wa sukari. Dama akaushika, akaudunda, na tangu siku hiyo nyumbani hakukuwa na usingizi wa mchana. Aliyelalamika zaidi ni shangazi yake Pascalia. Kuruka kule kama panzi, akasema, kutamng'oa kizazi. Dama akaruka, akaolewa, akazaa wawili, akaruka tena. Shangazi akageuza maneno: watoto wale wamezaliwa na kizunguzungu.

Akachukuliwa na timu ya kampuni moja ya mizigo. Asubuhi alipanga makaratasi ofisini, jioni akacheza katikati, chini ya ringi, kule ambako viwiko ndio salamu. Alifika Nairobi, akafika Kampala na Dar es Salaam. Kisha siku moja aliruka mzima akatua na goti moja. Kampuni ikamwaga kwa heshima: ikampa feni ya mezani na hotuba. Feni yafanya kazi mpaka leo.

Akarudi Bofu, akaanza kukaanga mahamri. Wengine wangekaa hapo, wawe wanasimulia. Yeye akaenda kwa huyu huyu Mzee Ngala, mkubwa wa ukoo, akamwomba kile kipande cha nyuma ambacho hata muhogo ulikikataa. Mzee akampa, akicheka. Musyoka mchomeleaji akaunga mabomba chakavu yakawa milingoti. Wasichana wa mtaa wakabeba mchanga na kokoto kwa ndoo. Walipomaliza, Dama akawapa mpira, na lugha aliyowafundishia sitaiandika, maana wengine wenu mna watoto.

Timu ikakua, ikaingia ligi ya pwani. Na hata Shangazi Pascalia, uzeeni, alibebewa kiti akae pembeni ya kiwanja, awatukane wageni.

Mwaka jana ndipo mambo yalipoharibika. Mzee mmoja wa mtaani alikufa, turubai likafungwa ringini kama kawaida, upepo ukaja ukalijaza tumbo, likavuta usiku na mchana. Matanga yalipoisha, ringi zote mbili zilikuwa zimeinamisha midomo mbele, kama zinachungulia kisima. Dama aliziona. Akasema nitamwita Musyoka wiki ijayo. Wiki ijayo mnaijua ilivyo huku kwetu.

Wasichana wakafanya mazoezi na ringi zile. Na raha ilioje. Ringi iliyoinama mbele haitaki mpira wa juu. Unausukuma tu umelala, unaingia. Kila mtu akawa mfungaji. Faith, ambaye zamani hakuweza kutia ndimu kwenye kapu, akaanza kutembea kwa maringo. Kisha wakaenda Changamwe kucheza kwenye ringi zilizonyooka.

Mpira wao wote ulilala vile vile, ukagonga chuma cha mbele, ukarudi. Ngong'o. Ngong'o. Ilikuwa kama kengele ya kanisa. Watazamaji wakawauliza kama wamekuja kucheza au kuita waumini. Kwenye basi la kurudi Faith alivua viatu vya mchezo akavitupa chini ya kiti, akasema hachezi tena maishani. Dama hakumlaumu mtu. Alimwita Musyoka siku ya pili, wakazichoma ringi moto wakazinyoosha, na akaapa kwamba kamba ya turubai haitagusa chuma kile tena. Kuwarudisha wasichana kutupa mpira juu kulimchukua mwaka mzima. Faith alirudi wa mwisho.

Na sasa Jumapili, siku moja baada ya maziko, wale wale wa Changamwe walikuwa wanakuja Bofu. Atakayeshindwa anatoka kwenye ligi.

Hayo yote Dama aliwaeleza wazee, polepole, kwa adabu. Akawaambia wasichana wameshachimba mashimo na kusimamisha boriti upande wa mkoroshoni, turubai lifungwe huko, na wao ndio watakaoteka maji na kuosha sufuria. Mazoezi wanayafanya bila firimbi, bila kelele, kwa kumheshimu shangazi.

"Bila kelele?" akauliza Mzee Ngala. "Na huo mpira unaodunda du du du ndani ya msiba?"

"Baba mdogo, matanga ya mwaka jana spika zilipigwa mpaka mabati yakalegea misumari. Marehemu hakulalamika."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mzee Ngala alimsikia, na hapo ndipo alipokasirika kwelikweli. Akasema neno lake la mwisho, wote wasikie. Dama alete mtungi wa pombe ya mnazi kuomba radhi kwa wazee, na turubai lifungwe ringini leo hii kabla ya magharibi. Asipofanya, Jumatatu vijana watakuja na misumeno ya chuma, milingoti ile itakatwa, na kipande kile kitarudi kwa ukoo.

Kule kiwanjani wasichana walikuwa wameacha kutupa, wamesimama wanatazama huku. Faith kaushika mpira wa pili kifuani.

Dama aliwaza Jumatatu. Aliiona misumeno. Mzee Ngala si mtu wa kutisha bure, na ardhi ni ya ukoo. Hilo lilikuwa wazi kama jua la saa sita. Kitu rahisi kilikuwa kusema abee, kufunga kamba, kisha Jumapili kuwaambia wasichana wafanye watakavyoweza na ringi zilizopinda.

"Mnazi nitaleta, baba mdogo," akasema, "tena wa kutosha, maana nimewajibu na nyinyi ni wazee wangu. Lakini turubai halifungwi pale. Leo halifungwi, na Jumamosi halifungwi. Jumatatu mkija na misumeno mtanikuta."

Mzee Ngala alijinyanyua mkekani kwa mikono miwili, magoti yakalia.

"Haya. Basi niambie jambo moja, wewe Dama, mbele ya hawa wote. Siku yako wewe ikifika, na wewe utakufa, turubai lako tulifunge wapi?"

Dama akauhamisha mpira kwapa jengine, akageuka, akachechemea na goti lake bovu kuelekea kiwanjani, akiwaashiria wasichana kwa mkono: juu, utupeni juu.