Talaka Mbele ya Kamera

Habib wa Mambrui alijaliwa uso wa kuonyeshwa kwenye runinga na moyo usiotulia. Miaka tisa ya uigizaji, na kila jioni alijitazama upya kwenye simu, akisaka pale alipoboronga. Akisifiwa, haamini, akikosolewa, anavunja kitu. Viti viwili vya kampuni vilishakwenda hivyo, na taya la Dzombo, mshika taa.

Katika tamthilia hii aliigiza mume wa wake wawili. Mke mkubwa, Zaituni, aliigizwa na Raiya, mkewe wa ndoa, mama wa binti yake Ummi. Mke mdogo aliigizwa na Monicah, na mjinga wetu alipoambiwa amtazame Monicah kwa mahaba, akaendelea kumtazama hata kamera zilipozimwa. Raiya aligundua Jumapili. Jumatatu alimkamata Monicah nywele katika chumba cha mavazi, akambamiza kwenye kioo, ikabidi wanaume wanne wawaachanishe. Monicah alishonwa nyuzi sita kwenye paji, akarudi kwao Kilifi, na Habib hakuthubutu hata kumjulia hali. Alimpigia mkewe magoti. Raiya akasema suala la kumsamehe atalifikiria kazi ikiisha.

Jumatano ikawa siku ya kurekodi talaka. Raiya hakuipenda sehemu ile tangu mwanzo.

"Talaka haina mzaha, baba Ummi," alimwambia. "Wewe mwache huyo Zaituni. Jina langu usilitaje, hata kwa kuteleza ulimi."

"Wallahi sitalitaja."

Walirudia mara kumi na moja. Mara moja adhana iliwakatiza. Zilizobaki zote aliziharibu Habib mwenyewe. Kofi alilotakiwa kumpiga Zaituni lilikuwa la kufukuzia nzi. Jimmy, mwongozaji, akatupa karatasi zake chini.

"Kaka, umekauka! Mke amekudharau mbele za watu, nawe wambembeleza? Huna hasira wewe?"

Kamera zikawashwa tena. Raiya, amechoka hoi, akamnong'oneza mumewe, "Mfikirie Monicah na nyuzi zake. Hasira utaiona."

Aliiona. Kofi la kwanza lilimyumbisha Raiya, ngumi iliyofuata ikamwangusha juu ya meza, sahani zikavunjika, damu ikamtoka mdomoni. Habib alimwinamia, mishipa ya shingo imemsimama, akanguruma: "Raiya! Nimekuacha! Nimekuacha! Nimekuacha!"

Kisha Jimmy akapiga makofi. Alisema hajawahi kuona uigizaji kama ule, kwamba hapa ndipo nyota ya Habib itakapong'aa, na lile jina watalirekebisha baadaye kwenye sauti. Sifa alizozililia miaka tisa zilikuwa zinamwagwa miguuni pake, lakini Habib hakuzisikiliza. Alipiga magoti, akataka kumfuta mkewe damu. Raiya akausukuma mkono wake.

"Nilikuwa naigiza," Habib akasema, machozi yanamtoka. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. "Mama Ummi, naapa. Mashahidi hawa hapa, wamesikia nilivyosifiwa. Ilikuwa kuigiza tu."

Raiya akatema damu, akajitanda mtandio wake upya. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Miaka saba ya ndoa nimekutazama, Habib," akasema. "Wewe hujui kuigiza."