Neno Lililokaribia Kuimaliza Mivule ya Truphena

Saa kumi alasiri, jikoni mwa nyumba anakofanya kazi mtaani Al-Safa, Jeddah, Saudia, Truphena anapuliza makaa ya kufukizia udi. Wageni wa madam wako njiani. Hakohoi wala hapikichi macho. Yeye na moshi wanajuana tangu utotoni.

“Mimi nimesomeshwa na makaa,” asema akicheka. “Mama alichoma, mimi nikauza barabarani. Siwezi kumlaumu mtu akikata mti.”

Kwao Busia, Kenya, anaeleza, msitu haumalizwi kwa siku moja. Kwanza huja wanunuzi wa mbao, wakachukua miti minene. Matawi yanageuzwa makaa. Kisha visiki vinang'olewa, panapandwa miwa. Ndivyo kilima kizima kilivyobaki upara, isipokuwa mivule ya kando ya chemchemi, katika shamba alilorithi pamoja na mdogo wake, Protus.

Mwaka jana mnunuzi aliifikia hiyo pia. Protus, ambaye miwa ilikuwa imemtia tamaa, alimuuliza dada yake kama wauze. Truphena alikuwa ameshika pasi, madam anamhimiza kwa Kiarabu yalla, yalla, haraka, haraka. Akajibu haraka kwa ujumbe wa sauti: “Protus, hiyo miti, halas!”

Kwa Kiarabu cha huko, alimaanisha basi, iacheni. Lakini Protus alizoea kumsikia akifunga kila simu kwa “sawa, halas.” Kwake yeye, maana yake ilikuwa tumekubaliana.

Kesho yake Truphena alipopiga simu, alisikia pawasoo, msumeno wa injini, ikinguruma. Mvule mmoja ulikuwa chini tayari. Akapaza sauti.

“Zima hiyo mashine!”

“Si ni wewe ulisema halas, dada?”

“Halas ni basi! Ni wachana nayo! Mpe huyo mtu simu.”

Mnunuzi aliambiwa wazi kwamba shamba ni la wawili na mmoja hajakubali. Akabisha. Kina mama waliokuwa wakiteka maji wakasikia, wakaizunguka mivule iliyobaki, wakagoma kuondoka. Bwana yule akabeba mashine yake, akashika njia. Vigelegele vilifika hadi Jeddah!

Mvule ulioanguka ulipasuliwa mbao za mizinga. Leo Protus anauza asali, na majirani wameacha kukata miti yao ya kando ya maji. Truphena hafichi furaha yake. “Tuliwaweza wanunuzi,” asema.

Mkataba wake unakaribia kuisha. Madam anataka auongeze, naye amekataa kwa heshima. Anataka kukirudishia kilima miti yake.

“Sitaki kupokewa uwanja wa ndege na maua,” asema. “Protus aje na jembe.”