Tundu la Hewa Chini ya Kiti

Mtakaosoma mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu, na kwa maneno nitakayokosea herufi. Nilisoma mpaka darasa la saba, na tangu hapo naishika spana mara nyingi kuliko kalamu. Naandika polepole, nafuta, naandika tena. Lakini kuongea mbele za watu ndiyo siwezi kabisa, kwa hiyo heri niandike.

Ninaendesha pikipiki ya abiria huku Suguti. Kabla ya hapo nilikaa kwa mjomba wangu kule Guta, nikawa nashinda kwenye gereji moja mjini Bunda kujifunza kufungua na kufunga. Siku moja ya mvua walileta pikipiki iliyozama kwenye korongo. Mwenyewe alikuwa ameitoa majini, akapiga kiki palepale. Fundi alipofungua nati ya chini, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Alipozidi kufungua tukaikuta konrodi, ile fito inayosukuma pistoni, imepinda.

"Maji yaliingilia ekzosi," akasema mwenye pikipiki. "Nilisahau kuweka gunzi."

Fundi akacheka. Akainua kiti, akaonyesha tundu dogo jeusi la kuingizia hewa. "Yaliingilia hapa. Hapa ndipo inapovutia hewa. Ukizama inavuta maji, na maji hayabanwi kama hewa. Kitu kinachopinda ni chuma."

Mimi pia nilikuwa najua maji huingilia ekzosi. Kwetu kila dereva anajua hivyo. Mto ukijaa, unachukua gunzi la muhindi, unalizungushia kitambaa, unalisokomeza kwenye ekzosi, basi unaona umemaliza. Ukifika ng'ambo watu wanakupigia kelele, "Toa gunzi!" Unalitoa, unawasha, unaondoka. Tundu la chini ya kiti hakuna anayelitaja.

Tangu siku ile tundu lile halikunipa raha. Nikipita kwenye dimbwi, roho iko chini ya kiti. Hata kiangazi sikupumzika, kwa sababu huku pembeni ya ziwa kuna wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi. Hawaumi, lakini wanaingia kila mahali. Kuna asubuhi wanaanguka kwa wingi mpaka nakumbuka video za theluji nilizoona kwenye simu. Ukipita katikati yao, sponji inayochuja hewa inashika uji mweusi wa wadudu na pikipiki inakosa nguvu. Kila Jumamosi naitoa sponji, naifua kwa petroli, naikamua, naipaka oili kidogo. Wenzangu kijiweni wananiita nesi.

Sasa niseme habari ya mama yangu.

Mama alikuwa haoni vizuri kwa miaka. Mtoto wa jicho alianza jicho la kulia, akahamia la kushoto. Mwishoni alikuwa akituona kama vivuli, anatutambua kwa mwendo na sauti. Alikuwa anapika hivyohivyo, anapalilia hivyohivyo, na mihogo mingine aling'oa akidhani majani. Masika hii tukasikia madaktari wa macho wamefika Butiama, watakaa kwa muda mfupi, wanapasua na mtu anaona. Nikamwambia. Akakataa. Nikamwambia tena, akasema jicho si jipu la kutumbuliwa. Siku moja kabla ya madaktari kuondoka, jirani yetu mzee aliyepasuliwa alikuja akasimama mlangoni, akamwambia mama rangi ya kitenge alichovaa na mahali kilipochanika. Mama akapapasa kitenge mpaka akapafikia palipochanika. Kisha akaniita. Mama huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake.

"Baba, kesho unanipeleka. Ila nikirudi njiani, sitaki kusikia tena habari ya madaktari mpaka nife."

Namjua mama. Akisema neno hilo amelisema. Kwa hiyo usiku mvua ilipoanza kupiga bati, sikuwaza kingine ila mto ulio kati yetu na barabara ya lami. Mvua kama ile inaujaza, na magari yanarudi.

Asubuhi nilichana nailoni ya ndani ya gunia la mbolea. Nikainua kiti, nikalifunika tundu la hewa, nikalizungushia mpira wa tyubu na kuukaza kwa meno. Nilikusudia hivi: nitasimama kabla ya mto, nitazima, nitafunga, tutavuka, nitafungua. Lakini mvua ilikuwa bado inanyesha, na nilijua nikifunga kando ya mto mbele ya watu nitakosea. Nikaona nifunge nyumbani kabisa, upande mmoja niache uwazi mdogo wa kupumulia, nikifika mtoni niukaze tu. Pikipiki ilikubali. Tukaenda polepole, mama nyuma amenishika kiuno, kapu lake la furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, likiwa mapajani.

Mto ulikuwa umejaa mpaka kwenye majani. Hapo huwa kuna vijana wanaobeba pikipiki. Wanapitisha miti miwili chini yake, wanaiinua mabegani wanne, wanavuka nayo. Siku hiyo walikuwa wamekaa chini ya turubai wakitafuna miwa.

"Huyo nesi!" mmoja akasema. Sijui nani alimwambia. "Nesi, leo umeleta mgonjwa gani?"

Niliinua kiti kidogo nikaukaza ule uwazi, nikafunika haraka wasije wakauliza. Kisha nikaweka gunzi kwenye ekzosi.

"Anaivalisha nguo kama bibi harusi," mwingine akasema.

"Nyie watoto," mama akasema, "mnabeba nini kwanza, mimi au chuma? Chuma hakina miadi na daktari."

"Mama wewe ni mwepesi, wewe hata mtoto wangu anakubeba."

"Mtoto wako? Wewe na miguu hiyo ya korongo, hata kivuli chake nakiona, nani amekuzalia?"

Wakacheka mpaka wakasahau kunitania. Mmoja akamweka mama mgongoni akamvusha, mama akimwambia aangalie asimdondoshe maana ndani ya kapu kuna malipo yao, na furu wakilowa watarudi ziwani. Mimi nikabaki nyuma ya pikipiki, maji kifuani, mkono mmoja umeshika kiti. Nilikuwa naomba.

Katikati ya mto, kijana wa mbele alikanyaga jiwe linaloteleza. Mti ukashuka upande wake. Pikipiki ikainama, maji yakapanda juu ya tangi, yakapita juu ya kiti. Nilisikia sauti yangu ikipiga kelele, na mimi huwa sipigi kelele. Wakaiinua. Wakatoka nayo ng'ambo, wakaiweka chini, maji yakichuruzika kila upande.

"Toa gunzi!" wote wakasema kwa pamoja.

Nikalitoa. Ekzosi ilikuwa kavu. Wakapiga makofi.

"Piga kiki, nesi. Mgonjwa amepona."

Sikupiga. Nilikuwa naiona ile oili nyeupe ya Bunda. Nilichukua spana ya plagi, nikafungua plagi, nikaikanyaga kiki taratibu na kiganja nimekiweka karibu na tundu la plagi. Ikatoka hewa tupu. Nikarudia. Hewa tupu, hakuna tone la maji. Nikarudisha plagi, nikapiga kiki kwa nguvu.

Ikakohoa, ikafa. Nikapiga tena. Ikavuta, ikafa. Nikavuta choki, ikawa mbaya zaidi. Vijana wakaanza kutoa ushauri, kila mmoja wake. Plagi imelowa. Koili imeingia maji. Kabureta imejaa mchanga. Iinue kichwa chini. Isukume kwenye mteremko. Tukaisukuma kwenye mteremko, tukaisukuma kuipandisha. Nikafungua kabureta, nikamwaga kilichokuwemo, ilikuwa petroli safi. Jasho lilinitoka kuliko maji ya mto.

Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe, kapu tupu miguuni, furu ameshawapa vijana. Alikuwa hasemi kitu, na hilo ndilo lililonitisha. Nilijua anahesabu moyoni kwamba Mungu hajapenda, na akishamaliza kuhesabu atasimama aombe avushwe kurudi. Mvua ilikuwa imekatika na jua limeshapanda. Huko Butiama madaktari labda walikuwa wanafunga vifaa vyao.

"Baba," mama akasema mwisho.

Nikajua ndiyo hiyo. "Mama, subiri kidogo. Kidogo tu."

"Mimi sijasema kitu. Nauliza tu. Mbona inavuta kama wewe ulivyokuwaga mtoto? Ulikuwaga na makamasi kila masika. Unanyonya, unaacha, unalia. Pua imeziba."

Vijana wakaanguka kwa kicheko. "Nesi mwenyewe alikuwaga na makamasi!" Mmoja akajifanya mtoto anayenyonya na kupaliwa, na mwenzake akampigapiga mgongoni.

Mimi sikucheka. Nilisimama nimeshika kiti, masikio yakiwaka moto. Nikainua kiti. Ile nailoni ilikuwa imenyonywa ndani ya tundu, imekazana kama ngozi ya ngoma, na mpira wa tyubu bado umebana. Nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu, nikafungua plagi, nikafungua kabureta, nikamlaumu kila mtu moyoni, nikasahau kilichokuwa chini ya kiti. Maana hakuna aliyepiga kelele "toa nailoni". Kelele ya kwetu ni ya gunzi tu.

Nilikata mpira kwa meno. Nailoni ilikuwa na maji juu, chini yake kukavu kabisa. Nikapiga kiki. Ikawaka.

"Alikuwa ameiziba mwenyewe!" kijana wa miguu ya korongo akapiga kelele, akikimbia kuwaambia waliobaki ng'ambo. Najua habari hiyo ilifika kijiweni kabla yangu. Siku hiyo sikujali. Nilimpandisha mama, nikaondoka hata bila kuaga.

Njia yote mpaka Butiama nilikuwa nasikiliza injini. Kila mlio niliuona mpya. Kwenye lami nilimwambia mama anishike vizuri, nikaongeza mwendo, na yeye ambaye huwa anakemea mwendo hakukemea. Tulipokaribia aliniuliza watu wapo? Nikaona uwanja wa hospitali una watu wachache sana, na gari linapakiwa maboksi. Nikasema wapo.

Nesi wa kweli, mama mmoja mnene mwenye sauti kali, akatusimamisha mlangoni. "Mnatoka wapi saa hizi? Mmelala wapi?"

Mama akanisogeza. "Tumetoka Suguti, mwanangu. Tumelala mtoni."

Yule nesi akaangalia suruali yangu yenye tope mpaka kiunoni, na kitenge cha mama kilicholowa. Akaingia ndani. Akakaa huko. Nikasikia mtu anasema vifaa vimeshafungwa, na sauti yake kali ikisema basi vifunguliwe. Akatoka akamshika mama mkono. "Jicho moja tu, mama. La pili mpaka watakaporudi."

Walimpasua, wakamfunga bendeji, tukalala hapohapo kwenye baraza la wodi, pamoja na wengine. Asubuhi manesi wakatukusanya nje kwenye mwanga. Wagonjwa walikaa kwenye benchi, wakawa wanafunguliwa mmoja mmoja. Mzee mmoja alifunguliwa akaanza kuimba. Mwingine alilia. Mama alipofunguliwa hakufanya chochote. Aliangalia miguu yake. Akaangalia mikono, akaigeuza. Akaangalia ukuta, akaangalia mbuzi waliokuwa wanapita nyuma ya ua. Kisha akanitafuta, akanipata.

"Njoo."

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Alinishika taya kama anavyoshika papai kuona kama limeiva.

"Kumbe una ndevu."

"Kidogo, mama."

"Na hili kovu la kwenye nyusi?"

"La zamani. Nilianguka."

"Uliniambia umechubuka goti."

Miaka yote ile nilikuwa nimezoea kuishi na mama asiyeona uso wangu. Nikiwa na hofu, ninatengeneza sauti tu, inatosha. Nikamwambia tusimame twende, njia ni ndefu na mawingu yanarudi juu ya ziwa. Nilisema kwa sauti ile ninayoitengeneza.

"Unaogopa mto," akasema.

"Siogopi, mama."

"Baba, usinidanganye. Nakuona."

Jicho la pili bado. Anauliza kila wiki madaktari wanarudi lini, na mimi ndiye ninayeogopa sasa, kwa maana nadhani watarudi tena masika, mto ukiwa umejaa. Kwa hiyo nawaomba mnaosoma, hasa mnaoendesha kwenye mito na matope, mniandikie. Mnafunika tundu lile kwa kitu gani ambacho kinazuia maji na bado kinaacha injini ipumue? Andikeni hata kwa mwandiko mbaya. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote.