Mawe ya Simiti ya Nafula

Iko Jumapili moja ambayo hainitoki, mwanangu, na sikusimulii ili unionee huruma. Huruma nimeipata ya kutosha na haikunisaidia kitu. Nakusimulia kwa sababu una mikono ya kazi, na mimi niliolewa na mwenye mikono ya kazi.

Tulikaa kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, hapa Nakuru, miaka ile ya hamsini, wakati ulikuwa huvuki mtaa bila askari kukuuliza pasi. Mume wangu, Baba Nafula, alikuwa mwashi wa reli. Alijenga matangi ya maji, na kazi yake ilikuwa safi kweli. Mtoto wetu alikuwa mmoja tu, Nafula, na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Akitembea hadi mlangoni midomo inageuka rangi. Alilala ameketi, mito mgongoni, maana akilala chali pumzi inakatika. Hospitalini walituambia tumrudishe nyumbani, nasi tukaelewa walichomaanisha.

Yeye alitaka kwenda kwa nyanya yake, Bunyala, kando ya ziwa. Kuna mawe makubwa pale wanawake wanapofulia, na samaki wadogo huja kudonoa vidole vya miguu. Safari ile ingemuua njiani. Basi baba yake akasema atamletea yale mawe na wale samaki ndani ya nyumba. Alikuwa ameona sanduku la vioo la kufugia samaki kwa Mzungu mmoja wa reli, alipokwenda kuziba bomba.

Akaunga fremu kwa vyuma chakavu, akatia vioo vya madirisha ya zamani, akaziba pembe kwa lami. Kisha akaanza ukuta wa mawe wa kukaa ndani, upande wa nyuma, ili Nafula akitazama aone kwa nyanya yake. Alikunja waya wa kuku, akapachika yale mawe mepesi yanayookotwa upande wa Menengai, akapaka simiti iliyochanganywa na masizi, akichora nyufa kwa kijiko changu cha chai. Nikwambie ukweli, ulipendeza. Ungeapa umebanduliwa ziwani.

Rafiki yake wa treni ya Kisumu akaleta samaki wadogo kwenye debe, tukawahamishia kwenye karai nyuma ya nyumba. Hapo ndipo shida ilipoanza. Simiti mbichi ni kali, mwanangu. Ikikaa majini inatoa ukali wake polepole, na samaki akitiwa humo anakufa. Mume wangu alijua hilo, maana alikuwa ameona vyura wakielea kwenye matangi mapya. Akauzamisha ukuta wake kwenye pipa la maji, na kila akitoka kazini anamwaga maji, anajaza mengine, anayasugua kati ya vidole kuona kama bado yanateleza. Alijaribu samaki mmoja, akafa papo hapo. Akaanza tena kumwaga na kujaza.

"Hii simiti bado ni mbaya," ananiambia. "Nikiharakisha, mtoto ataamka akute wamekufa wote. Utamwambia nini?"

Alisema kweli, nami nikarudi ndani kwa mtoto.

Nafula naye anaita kutoka kitandani, "Baba, si uwalete na karai tu? Nitawaangalia hivyo hivyo."

Baba yake anachungulia mlangoni, mikono inachuruzika maji. "Karai ni ya kufua nguo, mama. Ngoja kidogo, nikutengenezee kama kwetu." Halafu anarudi kwenye pipa lake.

Rafiki yangu Mama Zuhura, mtu mzima kunishinda, alikuwa akija kutoka mtaa wa Bondeni kunisaidia kumwosha mgonjwa. Alivumilia, siku moja akashindwa.

"Mama Nafula, mwite mumeo aingie ndani."

"Si anamfanyia huyu huyu mtoto?"

"Mtoto hana haja na simiti, mwanangu. Kila mlango ukilia anageuza shingo. Wewe huoni?"

Niliona. Lakini nilijua pia kwamba mume wangu akiketi kando ya kile kitanda atamwona mwanawe anavyohema, na hataweza kustahimili. Pale kwenye pipa alikuwa na kitu anachoweza kukirekebisha. Nikamwacha. Nilimhurumia, na huruma ile imenitafuna mpaka leo.

Jumapili hiyo Nafula alikataa uji. Nikatoka, nikabeba karai na samaki wake, nikaliweka juu ya kiti karibu naye. Aliwatazama. Akaingiza kidole, wakaja kukidonoa, akatabasamu. Nikafurahi kama mjinga. Kisha akaniuliza, "Baba ako wapi?"

"Yuko hapo nje."

"Akuje aone."

Mama Zuhura alikuwa ameshatoka kumwita. Nilimsikia mume wangu akijibu kwa furaha, "Nakuja! Leo maji hayatelezi. Wacha nimwage haya ya mwisho." Nikasikia maji yakimwagika, pipa zima. Alipoingia, mkono wa mtoto ulikuwa bado ndani ya karai, na mimi nilikuwa nimeshamfumba macho.

Baada ya mazishi aliusimamisha ukuta wake ndani ya vioo, akawatia samaki. Waliishi. Hakufa hata mmoja. Walinenepa, wakazaa, na mume wangu akawa anaketi mbele yao kila jioni. Niliwachukia samaki wale. Watu walikuja kuyasifu yale mawe, naye anaitikia kwa kichwa tu, machozi yanamtoka. Hakujenga tena kitu chochote pale nyumbani. Sikuwahi kupata neno la kumponya, na hata leo sina. Watu wa kanisa waliniambia nitasahau. Labda wao walisahau.

Basi nisikie, mwanangu. Wenye mikono mizuri ndio wanaonaswa. Kazi inakupa mahali pa kujificha, halafu watu wanakusifu juu yake. Mgonjwa wako akikuita, weka mwiko chini na simiti yake, iache ikauke hivyo hivyo. Ingia na mikono michafu. Usimwambie ngoja. Kama unaogopa kumwona akihema, mwambie unaogopa, mlie pamoja, lakini uwe pale kitandani. Anachokuomba kidogo, mpe kidogo hicho hicho, leo, bila kukipamba.

Mungu akupe masikio ya kusikia ukiitwa mara ya kwanza. Na siku ile itakapofika, kwa maana itafika, akujalie uwe umeushika mkono wa mtu wako ungali na joto.